Msiba wa Redioni

Ugomvi wa Apolinari na mkewe ulianza Jumapili moja jioni, mtangazaji aliposoma kadi ya mke kabla ya kadi ya mume. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyetukanwa. Lakini ungemtazama Apolinari usoni ungejua kuna kitu kimemkwama kooni na hakishuki.

Miaka hiyo ya tisini, kabla ya hizi simu zenu za kurushiana nyimbo kwa kidole gumba, mpenzi wa muziki wa Ifakara alikuwa na njia moja ya kuwafikia wenzake: kadi ya salamu. Unainunua dukani, unaandika jina lako na unakokaa, unataja unaowasalimia, unachagua wimbo, na chini kabisa kuna mahali pa ujumbe. Unaipeleka posta, kisha unakaa kando ya redio kungoja. Watu wa Mlimba walijuana hivyo na watu wa Mahenge na wa Tanga, macho kwa macho hawajaonana hata siku moja, ila wanaambiana bendi gani imetoa kanda mpya, nani kahama na gitaa lake, nani kapata mtoto. Na walikuwa na taratibu zao, tena kali. Kubwa kuliko zote ni hii: ukishamsalimia mtu wa nyumbani kwako, humwachi tena. Jina la mke au la mama halitoki kwenye kadi mpaka mwenye jina afe.

Apolinari, fundi baiskeli wa Katindiuka, redioni aliitwa Mzee wa Solo. Uzee wenyewe hakuwa nao, ni madaha tu ya kupenda gitaa la solo. Kila Jumapili kadi yake ilianza kwa maneno yaleyale, "Namsalimu mke wangu mpenzi Eufrasia," na majirani waliojaa uani kwake walikuwa wakimalizia sentensi kabla ya mtangazaji.

Sasa jioni hiyo mtangazaji akasema, "Kadi ya kwanza leo inatoka kwa Eufrasia, Mama Omega, wa Katindiuka, Ifakara. Ujumbe wake: Mpiga solo wa bendi ya Super Kihansi ameondoka na wenzake wawili, wanaanzisha bendi Makambako. Wanaopenda gitaa, wasikilize la pili, lile linaloitikia solo, siyo la kwanza, kazi ipo huko. Jamani, huyu mama anatushinda hata sisi wenye studio!"

Uani wakapiga makofi. Apolinari naye akapiga, mara mbili hivi, akaacha.

Eufrasia alikuwa akiuza samaki wa kukaanga stesheni. Treni inaposimama, wanamuziki wanashuka kununua kambale na kupiga soga, na yeye ana masikio. Habari aliyoitoa ilikuwa ya juzijuzi. Ya mumewe, iliyosomwa baada ya nyimbo mbili, ilikuwa habari ya bendi iliyokwishavunjika tangu kiangazi.

"Shemeji, hiyo ya kwako imechacha," alisema Mariana, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke asiyeweza kumeza neno. Watu wakacheka.

Kisha ikasomwa kadi ya mtu anaitwa Kasmiri, wa Mlimba. "Anamsalimu Mama Omega, malkia wa habari za muziki, pamoja na mzee wake."

Na mzee wake! Hana jina huyo mzee? Mtu aliyeanza kutuma kadi kabla Eufrasia hajajua hata kuwasha redio, leo anatajwa kama mzigo uliofungwa nyuma ya baiskeli. Apolinari akainuka, akasingizia kwenda kutazama mpunga ulioanikwa, na mpunga ulikuwa umeanuliwa zamani.

*

"Kasmiri ni nani?" aliuliza wakati wa kula.

"Wa Mlimba. Si umesikia?"

"Nauliza ni nani kwako."

Eufrasia akaacha tonge njiani. "Baba Omega, mimi sijawahi kumwona. Wewe unaowasalimia kila wiki, yule Bibiye wa Kilosa, yule Dada Lao wa Songea, ni nani kwako?"

"Mimi mwanaume."

"Aha."

"Usinifanyie aha. Mke wa mtu kuitwa malkia mbele ya nchi nzima! Watu wataelewaje?"

"Wataelewa kwamba najua muziki."

Omega, binti yao wa darasa la pili, akacheka na mchuzi ukamtoka puani. Baba yake akamtazama mpaka akanyamaza.

Nitawaambia ukweli ambao Apolinari mwenyewe asingeukiri hata kwa padri. Kasmiri hakumuuma sana. Mwanaume kumwonea wivu mkewe kwa ajili ya mwanaume mwingine ni jambo la heshima, unaweza kulisema kilabuni na wenzako wakakununulia kinywaji. Kilichomuuma ni makofi. Kilichomuuma ni "anatushinda hata sisi." Alikuwa anamwonea wivu mke wake kwa sababu ya mke wake mwenyewe, na ugonjwa huo hauna pa kuusemea.

"Basi acha kutuma kadi," alisema.

"Siachi," Eufrasia alijibu, akaendelea kula. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Asubuhi yake akampa kadi mpya aliyoijaza, kama kawaida, kwa kuwa Apolinari ndiye aliyekuwa akienda mjini kufuata spoku na tyubu. "Ukipita posta nitilie."

Apolinari alifika mpaka mbele ya sanduku la posta. Aliisoma kadi. Aliiona habari, nzuri, mbichi, ya bendi mpya ya Makambako na siku itakayopiga Mang'ula. Akaona hata makofi yatakavyolia. Akaikunja, akaitia kwenye boksi la spana, chini ya viraka.

Wiki iliyofuata akafanya hivyohivyo. Na iliyofuata.

*

Masika yakaingia, mto Lumemo ukajaa, barabara zikawa uji. Kila Jumapili Eufrasia alikaa na ungo wake karibu na redio, akisubiri kusikia jina lake, na jina halikuja.

"Zile kadi ulizipeleka?"

"Nilizitia kwa mkono wangu huu."

"Labda mvua zimechelewesha."

"Labda. Au labda wamekuchoka, mke wangu. Redio ndivyo ilivyo, leo wanakupenda, kesho wanataka sauti nyingine."

Alilisema kwa upole kabisa, akimpigapiga bega. Lo, huyo mwanaume! Eufrasia akaamini. Alipunguza kuzungumza stesheni. Mwanamuziki akishuka na kumuuliza, "Mama, habari gani za bendi?" alijibu, "Mimi nauza samaki tu, baba." Alikonda shingo. Na Apolinari, nitamtendea haki, aliyaona hayo na yalimchoma. Lakini kila alipofungua boksi la spana ili azitoe zile kadi, alisikia yale makofi, akalifunga.

Kilichomharibia ni kwamba hata kimya cha Eufrasia kilipendwa. Rosemery wa Mang'ula aliuliza kwenye kadi yake, "Mama Omega wa Katindiuka mbona kimya?" Kasmiri wa Mlimba akauliza. Mtu wa Tanga huko, ambaye hata hawamjui, akauliza. Mzee wa Solo alikuwa hewani kila wiki na hakuna aliyemuuliza lolote.

Siku moja, kwa hasira, akajaza kadi yake. Alipofika pale pa "mke wangu mpenzi Eufrasia", kalamu ikasimama. Akasema moyoni, kwani lazima nimtangaze mimi? Akamruka. Akaanza na Alfonsi, rafiki yake wa kilabu cha pombe.

Kadi hiyo aliipeleka posta mbio.

*

Siku iliposomwa Eufrasia alikuwa uani anapara samaki. Alisikia kadi ya mumewe ikianza na Alfonsi, akainua kichwa, akasubiri, majina yakaisha. Mariana alisema kwa niaba yake: "Mh! Shemeji leo kasahau la kwanza?"

"Nafasi ilikuwa ndogo," alisema Apolinari.

Jumapili iliyofuata mtangazaji alianza kwa sauti ya chini, sauti ile wanayoitumia kwa habari mbaya.

"Wapenzi wasikilizaji, tunaanza kwa masikitiko. Kadi za Rosemery wa Mang'ula, Kasmiri wa Mlimba na wengine wengi zimefika na ujumbe mmoja. Wanampa pole ndugu yetu Apolinari, Mzee wa Solo, kwa kuondokewa na mke wake mpenzi Eufrasia, Mama Omega. Mama aliyetufundisha kusikiliza gitaa la pili. Tumwombee. Na tuusikilize wimbo huu kwa ajili yake."

Wimbo ukaanza. Eufrasia alikuwa ameshika kisu mkono mmoja na perege mkono mwingine.

"Nani kafa?" aliuliza.

Uani palikuwa na watu wengi na wote walikuwa wakimtazama miguu, nadhani ili wahakikishe inagusa chini. Halafu kilio kikalipuka nyumba ya tatu, ya watu waliokuwa wakisikilizia ndani kwao. Wanawake wakatoka mbio wamejifunga kanga viunoni, wakaingia uani wakilia, "Mama Omega weee!" wakamkuta Mama Omega anawatazama. Mmoja alikaa chini palepale kwenye magamba ya samaki.

"Yesu na Maria," alisema Mariana, akamshika Eufrasia mkono, akaubinya. "Ana joto. Jamani, ana joto huyu!"

Wengine wakaanza kucheka, kicheko kile cha woga. Omega akalia kwa kuona watu wazima hawaeleweki. Eufrasia hakucheka wala hakulia. Alikuwa amekumbuka jambo.

"Mama yangu," alisema. "Kule kijijini kwake Kisawasawa wana redio."

Kila mmoja alikuwa anamjua Bibiana, mama yake Eufrasia, aliyekuwa na presha, na ambaye Eufrasia ndiye binti yake pekee aliyebaki. Simu hakuna. Magari jioni ile hayakuwapo. Apolinari alisogea katikati.

"Nitakwenda mimi," alisema. "Alfajiri, kwa baiskeli."

"Nenda," Eufrasia alimwambia. Alikuwa anamtazama kwa namna mpya, kama mteja anayegeuza samaki kutazama upande wa pili.

*

Barabara ya masika haina fundi. Apolinari alisukuma zaidi ya alivyopanda, tope likajaa kwenye madigadi mpaka magurudumu yakagoma. Alikuwa bado mbali na Kisawasawa alipoona lori la mpunga linakuja, limejaa watu, na vilio vimelitangulia. Akamwona mama mkwe wake amesimama kwenye bodi, ameshikiliwa na mwanawe Melkiori, kilemba kimemfunguka.

Apolinari akaitupa baiskeli, akaruka katikati ya barabara, tope hadi kwenye nyusi, akipunga mikono.

"Yu hai! Mama, yu hai! Eufrasia yu hai!"

Dereva akamkwepa. Vilio vya lori vikaongezeka maradufu.

"Maskini mkwe wetu," alisikika mama mmoja akisema, "akili imeruka." Na lori likapita, likamwongezea tope.

Alikimbia nyuma yake mpaka akachoka, akarudi kuokota baiskeli. Alilia njia nzima, na nadhani hapo kwa mara ya kwanza alikuwa analilia kitu halisi.

*

Bibiana alishuka garini akajitupa chini getini, akaanza kusota kwa magoti kuelekea mlangoni, anamwita mwanawe. Eufrasia alimkimbilia, akapiga magoti mbele yake topeni.

"Mama. Mama, ni mimi. Shikamoo mama."

Mama alimtazama. Akampapasa uso, masikio, akamshika meno kama anayekagua mtoto mchanga. Kisha akamchapa kofi zito, akamkumbatia, na wote wawili wakaanguka ubavu. Ilibidi wapepewe.

Apolinari aliwakuta hivyo. Wageni wengine nao walikuwa wamefika kwa treni: dada mnene mwenye miwani, Rosemery wa Mang'ula, na kijana mrefu mwenye sare ya mafundi wa reli, kando yake mkewe na mtoto mgongoni. Walikuwa wamesimama pembeni na vikapu vyao vya msibani, hawajui wavitue au waondoke navyo. Kijana alipoambiwa kwamba yule mwenye tope ndiye Mzee wa Solo, alimwendea akainama.

"Shikamoo mzee. Mimi Kasmiri."

Apolinari akajipangusa tope usoni ili amwone vizuri.

"Wewe ndiye uliyenifundisha muziki," Kasmiri aliendelea kwa haya. "Nikiwa shuleni nilikuwa nasikiliza kadi zako, nikatafuta kila wimbo unaoutaja. Ndiyo maana sithubutu kukutaja kwa jina hewani. Nyumbani kwetu mkubwa hatajwi jina. Nasema tu, mzee wake."

Mkewe akatoa kanda iliyofungwa kwenye leso. "Tumerekodi nyimbo zote alizotupendekezea Mama Omega. Tulitaka zipigwe hapa, matangani."

Melkiori, kaka yake Eufrasia, hakuwa na subira ya kanda. "Nani kasema dada yangu kafa?"

Watu wakatazamana. Rosemery akavua miwani. "Hakuna aliyesema, kaka. Mama alinyamaza masika yote. Tulikuwa tunauliza, hatujibiwi. Halafu mzee akatuma kadi bila kumtaja. Miaka yote hiyo anamtaja wa kwanza, na siku hiyo hamtaji. Sasa sisi tungeelewaje?"

"Mimi sikunyamaza," alisema Eufrasia. Alisimama polepole, akajipangusa tope magotini. "Kila wiki niliandika. Nilimpa Baba Omega apeleke."

Macho yote yakamgeukia Apolinari. Angeweza kuzisingizia mvua. Angeweza kuisingizia posta, posta haina mdomo. Alimtazama mama mkwe wake aliyekaa chini bado anahema, akaingia ndani, akatoka na boksi la spana. Akatoa viraka, akatoa zile kadi zimelowa grisi, akaziweka mkononi mwa mkewe.

"Kwa sababu gani?" Eufrasia aliuliza.

"Walikuwa wanakupigia makofi."

Mariana alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaufunga bila kusema.

Eufrasia alizipitia zile kadi moja moja. Habari zote zilikuwa zimechacha. Ile bendi ya Makambako ilikwishapiga Mang'ula ikaondoka.

"Nilikuwa najiona mjinga," alisema taratibu. "Nilisema, labda kweli wamenichoka. Na wewe ukanipigapiga bega."

"Funga nguo zako," alisema Bibiana kutoka pale chini. "Na za mtoto."

Alifunga. Lakini kabla ya kupanda lori aliomba kadi, Rosemery alikuwa nayo mpya kwenye pochi. Akaijaza ameegemea bodi la gari, akampa mumewe.

"Hii utaipeleka wewe. Posta siendi, na sitampa mtu mwingine. Siku nitakayoisikia redioni nikiwa kwa mama, nitajua kama nina mume wa kumrudia. Nisipoisikia, basi, usije Kisawasawa."

*

Aliisoma mbele ya sanduku la posta, kama alivyozisoma zile nyingine. Mama yake alikuwemo. Omega, Melkiori, Rosemery, Kasmiri na mkewe, Mariana wa ukuta kwa ukuta, hata wale wanawake wa nyumba ya tatu. Yeye hakuwemo. Alitafuta na nyuma ya kadi.

Alisimama pale mpaka karani akatoka kumuuliza kama anaumwa. Akiipeleka, nchi nzima itasikia kwamba Mzee wa Solo hana mke wa kumsalimia. Akiirudisha kwenye boksi, hakuna atakayejua, ila mmoja tu.

Akaitia. Aliisikia ikianguka ndani.

Jumapili ya kwanza haikusomwa. Ya pili haikusomwa, na Apolinari akaanza kuonja alichomlisha mwenzake: kukaa kando ya redio na kuhesabiwa si mtu. Majirani hawakuja uani tena. Walisikiliza makwao, redio zimepazwa ili na yeye asikie.

Ikaja ya tatu.

"Jamani! Jamani, shikeni viti!" mtangazaji alipiga kelele. "Eufrasia, Mama Omega, yu hai! Kadi yake hii hapa mkononi mwangu!" Akasoma majina. Lilipofika la Kasmiri kifua kikamchoma Apolinari palepale pa siku zote, kwa hiyo msidhani wivu ulikuwa umehama. Majina yakaendelea, yakaisha. "Hee, na Mzee wa Solo safari hii hayumo. Ujumbe wa mama ni mfupi: Nipo. Kadi zangu zilichelewa njiani."

Njiani! Alikuwa amemwondolea hata aibu hiyo, asiibebe mbele ya nchi. Makofi yakalia Katindiuka nyumba hadi nyumba, mpaka kwa watu wasio na redio.

Mariana aliingia uani na sahani iliyofunikwa, kama mtu anayekwenda kwa mfiwa. Akamkuta Apolinari ameinama, mabega yanacheza.

"Pole, shemeji," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Hukutajwa."

"Imesomwa," alisema Apolinari.

"Nasema hukutajwa, shemeji. Nimesikiliza mpaka mwisho."

"Nimesikia. Lakini imesomwa, dada Mariana. Na yeye kaisikia." Akajipangusa uso kwa mkono wenye grisi, akainuka kutafuta pampu ya baiskeli. Kisawasawa ni mbali.